Mita Iliyozunguka Wakati wa Swala

Ulitazama kando. Usigeuke nyuma kumtafuta mwengine, ni wewe, uliyelishika gazeti hili kwa mkono mmoja na kikombe cha kahawa kwa mkono wa pili. Wiki iliyopita tulimwacha Husna binti Chirau amepiga magoti nyuma ya ukuta wa Mivinje Court, kusini mwa Diani. Chemba ya mita iko wazi mbele yake, na mtu wa kanzu ameinamia koki, amempa mgongo. Ulijua mtu yule ni nani. Ukalikunja gazeti ukafungia samaki.

Ndivyo mlivyofanya hata ukuta ule ulipojengwa. Kisima cha kijiji kikabaki ndani ya ukuta, njia ya pwani ikazibwa, mkasema hayo ni mambo ya wenye hati. Wenye hati wakaahidi kuwa maji yatatoka nje kwa bomba, kila mtu alipie stima ya pampu kwa kadiri atakavyochota. Mkapiga makofi. Kumbukumbu zipo. Basi leo utatazama, utake usitake.

Kwa aliyechelewa kufika: Husna ni msimamizi wa majengo pale Mivinje. Kazi yake ni kufuatilia gharama za maji na stima. Iko mita ya nyumba za wageni, iko ya bustani, iko ya bwawa la kuogelea, iko ya msikiti na madrasa, na iko ya kioski cha maji cha kijiji, nje ya ukuta. Pampu ni moja na bili ya stima ni moja. Kila mwisho wa mwezi Husna huigawa kwa kadiri ya maji yaliyopita kwenye kila mita.

Fungu la kijiji limepanda mpaka watu wameshindwa. Wenye nyumba wamesema Jumatatu kioski kitakatwa. Na ni Husna huyu huyu aliyesimama mbele ya kamati ya kijiji akasema mita haina sababu ya kumwonea mtu, maji yamepita, na kama pesa hazikuonekana basi aulizwe anayeuza.

Anayeuza ni Jumwa Kahaso, mwanamke wa kutoka Kinango. Kamati ikakata shauri: Ijumaa baada ya swala isomwe Halbadiri, mwizi wa maji afikiwe na laana popote alipo.

Leo ndiyo Ijumaa. Kioski kimetiwa kufuli, kama kinavyotiwa kila Ijumaa tangu adhana hadi watu watoke msikitini. Hakuna mtungi hata mmoja unaojazwa. Lakini simu ya Husna, inayopokea habari za mita zote, ilimwonyesha mita ya kioski inazunguka kama pia. Ndipo akakimbilia nje.

Mtu wa kanzu akageuka.

"Shikamoo, baba," akasema Husna.

Ulimi ulijisemea wenyewe, kwa mazoea ya umri mzima.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mzee Chirau aliitikia kama waliokutana sokoni Ukunda. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye koki. Pindo la kanzu lilikuwa limelowa na kuingia tope.

"Watu wako msikitini, baba."

"Najua. Nakwenda sasa hivi. Nimechelewa kidogo."

"Na Ijumaa iliyopita ulichelewa?"

Chini ya miguu yao maji yalinguruma ndani ya bomba jeusi ambalo Husna hakupata kuliona kwenye ramani yoyote ya jengo. Lilichomoka baada tu ya mita ya kioski, likazama mchangani, likapita chini ya ukuta. Hakuhitaji kulifuata. Alitega sikio, na upande wa pili akayasikia maji yakimwagika ndani ya bwawa la kuogelea, yakiandaliwa kwa wageni wa Jumamosi.

"Nani kakutuma?"

"Funika hiyo chemba, mwanangu, tuondoke. Jua kali."

"Baba."

"Nimetumwa na ofisi yako."

"Ofisi yangu ni mimi."

"Basi Alfani ni nani pale?"

Alfani ni meneja. Mtoto wa Ukunda, kasoma chuo, miwani ya jua haivui hata akiwa mezani. Mzee Chirau ni mtunza bustani wake, na pia ni mtu wa kamati ya kijiji, ukipenda kucheka, cheka.

"Alinijia nikikata majani," mzee akasema. Maneno sasa yalimtoka kwa haraka. "Akaniambia wenye nyumba wanalalamikia gharama ya bwawa, wanataka kumwondoa msimamizi. Nikamuuliza, msimamizi si ndiye Husna? Akasema ndiye, na iko njia ya kumwokoa. Akasema Ijumaa adhuhuri huku nje hakuna mtu. Nikachimba kwa jembe langu mwenyewe. Wewe mumeo kakuacha, una kazi ya heshima. Nikutazame ukitolewa?"

"Kwa hivyo ulifanya kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani mwengine?"

Hapo Husna akaketi mchangani, na sketi yake ya ofisi.

Alikumbuka turubai. Mwaka huu alishauri bwawa lifunikwe turubai wakati hakuna wageni, maji yasipotee kwa jua. Gharama ya bwawa ikashuka, wenye nyumba wakamwita mbele, wakampa cheti, akapigwa picha. Picha ile aliituma kwa jamaa wote, wa Gazi na wa Munje, na shangazi zake wakajibu mashaallah mpaka simu ikajaa. Kumbe turubai halikuokoa kitu. Maji ya bwawa yalikuwa yale yale, ila yakipitishwa mita ya kioski. Na kila mwezi yeye, kwa mkono wake, akawapelekea majirani zake bili ya wageni kuogelea.

Tena simu ilikuwa ikimwambia kila Ijumaa. Alfani alichagua saa isiyo na macho, akasahau kuwa ndiyo saa isiyo na mtungi. Mita ya kioski ilipaswa kulala kabisa saa ile. Lakini Husna alikuwa hatazami siku, alikuwa akitazama jumla ya mwezi, kisha akitazama cheti.



"Funga koki," akasema.

"Bwawa halijajaa."

"Baba, funga."

Mzee akafunga. Mngurumo ukakoma, na kwenye simu mita ikasimama.

"Leo hukai kwenye Halbadiri," Husna akasema.

"Nisipokaa wataniuliza. Ubani nimeununua mimi."

"Na amina utaitikia?"

Mzee Chirau akakung'uta mchanga kwenye kanzu. Alichukua muda kuukung'uta.

"Nitaitikia polepole," akasema.

Husna hakufika mbali. Kwenye lango la nyuma Alfani alikuwa amesimama na simu yake mkononi.

"Bwawa limeacha kujaa, madam. Nani kagusa?"

"Mimi."

"Kwa hivyo umeona." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sawa. Umeona. Sasa tulia. Halbadiri inasomewa mwizi, haisomewi jina la mtu. Wazee watasoma, watakula tende, watakwenda zao. Yule mama wa Kinango tutampa nauli arudi kwao. Mwezi ukiisha hakuna anayemkumbuka."

"Ana watoto wanasoma hapa."

"Kinango hakuna shule?"

"Nitasema, Alfani."

"Sema. Utasema nini? Bomba kachimbia nani? Mzee Chirau. Koki inafunguliwa na nani? Mzee Chirau. Ripoti zina sahihi ya nani? Litafute jina langu humo, ukiliona nakununulia soda." Akacheka kidogo. "Na kile cheti umekitundika wapi, sebuleni?"

Ndiko Husna alikokitundika.

"Na ukumbuke, swichi ya pampu iko ofisini kwangu," Alfani akasema, akavaa tena miwani. "Ukifungua mdomo, naizima. Kioski, msikiti, madrasa, wote. Tuone kama watakushukuru."

Akaingia ndani. Hakuufunga mlango kwa kishindo. Aliurudisha taratibu, kama mtu asiye na hofu yoyote.

Watu walikuwa wameshatoka kuswali. Wanaume wamekaa kwenye baraza ya msikiti, wanawake wametandika mikeka kando, chini ya paa la madrasa. Jumwa alikuwa ameketi peke yake juani, juu ya mtungi wa maji alioulaza, mikono magotini.

Maneno hayakumsubiri mwalimu afungue kisomo.

"Watu wa Kinango wakiona maji hupagawa," akasema mwanamke mmoja wa leso ya manjano, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Si kosa lao, hawajayazoea."

"Kweli, kwetu maji ni taabu," Jumwa akajibu bila kugeuka. "Ng'ombe hufa njiani wakienda kuyatafuta. Ndiyo maana mfereji ukidondoka mimi natia kikombe chini. Wa tangi lako nimeuona unadondoka tangu Rajabu, wala huna habari."

Watu wakacheka. Wa leso ya manjano akajifunika mdomo.

Husna akaenda akachuchumaa karibu na Jumwa. Tangu asubuhi hakuna aliyemsogelea mwanamke yule, na macho ya mikekani yakaanza kuwafuata.

"Da Jumwa."

"Mwanangu."

"Nina neno nataka kukwambia, sijui nilianzie wapi."

"La bomba?"

Husna akamkazia macho.

"Mimi Ijumaa sina msikiti wa kwenda," Jumwa akasema, kwa sauti ya chini, kama anayemwelekeza mtu duka la unga. "Nakaa pale pale kioskini na kufuli langu, nawangoja mtoke. Masikio ninayo. Maji yanapita chini ya ukuta tangu kabla ya Ramadhani. Siku moja nikaenda kuchungulia."

"Ukamwona nani?"

"Husna, usiniulize unalolijua."

"Kwa nini hukusema? Wamekuita mwizi. Mimi nimekuita mwizi."

"Wewe hukuniita mwizi. Ulisema aulizwe anayeuza. Ulisema vizuri, kwa Kiswahili cha ofisi." Jumwa akajifuta jasho kwa ncha ya leso. "Nilipofika hapa na watoto, nani alinipa chumba? Babako. Mwaka mzima hakunidai kodi. Leo nije nimsimamie mbele ya msikiti wake, niseme Ijumaa haswali? Na nani angenisadiki, nawe una mita?"

Rudi nyuma ukasome tena hapo. Mwanamke anayetemewa mate na kijiji kizima ndiye aliyekuwa akikisitiri.

Mwalimu Swabir akakohoa. Ndiye mwalimu wa madrasa na ndiye mwenyekiti wa kamati, mtu mpole, mwenye sauti inayokwenda mbali bila kupandishwa. Chetezo kiliwekwa katikati, ubani ukaanza kufuka.

"Jumwa," akasema, "wewe si wa dini yetu. Hatukulazimishi kukaa."

"Nitakaa, Mwalimu. Someni yote. Msiruke hata neno."

Mwizi hasemi hivyo. Kila aliyekuwepo alilijua hilo, na kila aliyekuwepo akatazama ubani.

Mzee Chirau akaja akaketi mahali pake, kwenye nguzo. Jirani yake akamwangalia pindo la kanzu.

"Mzee, leo umetawadha mpaka magotini?"

Watu wakacheka, na Mzee Chirau naye akacheka pamoja nao. Husna alimwona babake akicheka. Alitamani ardhi immeze, kisha akatamani immeze babake badala yake, kisha akaona haya kwa kutamani hivyo.

"Kabla hatujafungua," Mwalimu Swabir akasema, "mwenye kulijua jambo hili alitoe sasa. Tukishaanza, haliko tena mikononi mwetu. Tunamwombea mwizi yamfike. Na aliyemjua mwizi akamficha, akaona akanyamaza, yamfike naye kama mwenzake."

Husna akageuka kumtazama Jumwa.

Jumwa hakulijua hilo. Ilionekana wazi kuwa hakulijua. Vidole vyake viliushika mtungi aliokalia, na uso ukambadilika. Alikuwa amekaa pale akidhani laana ya Waislamu itampita kwa sababu hakuiba tone, kumbe imemtaja. Alimficha mzee. Aliona, akanyamaza.

Neno moja tu lingemtoa. Alikuwa nalo mdomoni, na mzee aliyempa chumba ameketi mbele yake. Jumwa akafumba macho, akangoja.

Mikono ikainuliwa barazani. Mzee Chirau akainua yake.

"Baba," akasema Husna, "usiitikie."

Hakupaza sauti. Mwalimu Swabir akashusha mikono taratibu, na wote wakaishusha.

"Husna, hapa kina baba ni wengi. Unamwambia baba yupi?"

"Wangu."

Akasimama. Akajishika kwenye ukuta wa madrasa.

"Jumwa hakuuza maji yenu akala. Maji yamejaza bwawa la kuogelea la Mivinje, Ijumaa hata Ijumaa, nyinyi mkiwa mmesujudu. Liko bomba nyuma ya ukuta, nendeni mkalione, mchanga bado mbichi. Meneja Alfani ndiye aliyeagiza. Babangu ndiye aliyefungua. Bili nimewaandikia mimi, na sifa nimepewa mimi. Jumwa aliona, akamwonea babangu haya. Hilo ndilo kosa lake."

Mzee Chirau aliivua kofia yake akaiweka juu ya goti, akabaki kichwa wazi mbele ya msikiti, naye ni mtu ambaye hata wanawe hawakuzoea kumwona hivyo. Jirani yake wa nguzo, yule wa mzaha, akasogea kando kidogo. Kidogo tu, kiasi cha kanzu zisigusane.

Maneno yakavuka ukuta kwa simu ya mtu, ndipo mifereji ya udhu ilipokohoa.

Mtu mmoja alikuwa pale akiosha miguu. Mfereji ukatema upepo, ukatoa povu, ukanyamaza. Akafungua wa pili, kisha wa tatu. Yote mikavu.

Simu ya Husna ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Alfani ulikuwa mfupi: *Waambie ulikosea hesabu. Maji yatarudi saa hiyo hiyo.*

Aliusoma kwa sauti. Alidhani ukisikika, watu watainuka wote kwa pamoja waelekee ukutani. Alidhani hivyo kwa sababu alikuwa amesahau, kama mnavyosahau nyote, jinsi kijiji hiki kilivyokaa kitako ukuta ukijengwa.

"Basi sema ulikosea," akasema yule wa leso ya manjano. "Husna, mwanangu, sema tu. Nyumbani sina tone."

"Bwawa na liwe lao," mwanamume mmoja akadakia. "Sisi tupate ya kunywa."

"Unamvua nguo mzee wa watu kwa ajili ya mtu wa Kinango?"

"Jumwa aende kwao, tuyamalize."

Wengine wakaitikia hilo. Waliliitikia upesi kuliko walivyokuwa tayari kuitikia amina.

Jumwa akainuka. Akaikaza leso kiunoni, akautwaa mtungi wake, kama mtu aliyekwisha kusikia hukumu.

"Kaa, Jumwa," Mwalimu Swabir akasema, lakini macho yake yalikuwa kwenye mifereji mikavu, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Akamgeukia Husna. "Binti Chirau, nitakuuliza mara moja, mbele ya watu hawa na mbele ya babako. Ulikosea hesabu, au hukukosea?"

Husna akamtazama babake, mzee yule akiwa kichwa wazi. Akamtazama Jumwa. Akafungua kinywa.

Mwache hapo, maana hakuulizwa peke yake. Jengo unalokaa, unalofanyia kazi, unaloswalia, lina mita, na nje ya ukuta wake yuko mtu anayelipishwa maji ambayo hakuyagusa, na wewe unamjua kwa jina. Weka gazeti chini sasa, si baada ya chakula, si Jumatatu wakati kioski kimekwisha kukatwa. Funga kila mfereji, ukaifunue chemba uitazame mita. Ukiiona inazunguka, lifuate bomba mpaka linapoishia, ugonge mlango utakaoukuta pale. Na kabla hujagonga, mwite jirani, asimame nawe.